Mwanafunzi wa Sanaa Achunguze Nini?

Kila mwanafunzi asomeaye shahada ya juu katika sanaa hufikia siku ambayo mwalimu wake humwambia: "Sasa nenda katafute jambo lako mwenyewe la kuchunguza." Hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja huja na kichwa cha habari "Sanaa ya Afrika," mwingine "Athari za Ulaya katika Uchoraji." Mambo hayo ni mapana kama bahari, na mwisho wake tasnifu huwa marudio ya yale ambayo wengine wamekwisha kuyaandika. Na wakati huo huo, mtaani kwake mwanafunzi huyo, wapo wachoraji, wachongaji na wazee wenye habari nyingi, wala hakuna aliyewauliza neno.

Sisi twaona kwamba jambo jema la kuchunguza ni lile lililo dogo kiasi cha kumalizika, na ambalo mashahidi wake wangali hai. Na tutoe mifano.

Mfano wa kwanza watoka Lubumbashi, katika nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire zama hizo. Katika mwaka 1973 na 1974, mwana-anthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, alifahamiana na mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Fabian hakutosheka kununua picha. Aliketi na mchoraji, akamwomba aeleze kila picha, na maneno yake akayahifadhi kwa kinasa sauti. Kwa njia hiyo ilipatikana historia nzima ya nchi katika picha zipatazo 100: falme za kale, utawala wa Wabelgiji, mauaji ya Lumumba na yaliyofuata. Mapema katika miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, wala haikujulikana alikokwenda. Kitabu cha Fabian kilitoka mwaka 1996, na picha zenyewe zikaingia katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, Uholanzi.

Msomaji na azingatie jambo moja: mazungumzo yale yalifanywa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga. Lau yasingalihifadhiwa, picha zile leo zingekuwa bubu. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mgeni, ambaye ilimbidi kwanza ajifunze lugha. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu, bali kwa kuwakumbusha vijana wetu kwamba ufunguo alioutafuta yeye kwa jasho, wao wamezaliwa nao.

Mfano wa pili watoka Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mnamo mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta juu ya vibao vyembamba vya ujenzi. Mwaka 1972 alikufa kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake yote, basi, ilikuwa ya miaka minne hivi. Lakini wanafunzi na jamaa zake waliendelea na mtindo ule, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika, hata jina la mtu mmoja likawa jina la picha za watu wengi. Je, ni zipi alizozichora kwa mkono wake? Swali hilo ni dogo, lakini lina uzito wa haki na wa fedha pia. Kulijibu kwahitaji kulinganisha vibao, rangi na sahihi, na kuwasikiliza waliomwona akifanya kazi. Kila mwaka upitao, hao wazidi kupungua.

Wako watakaosema kwamba mambo ya nyumbani hayana heshima ng'ambo. Jibu lao liko Uganda. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, mwalimu mmoja, Venny Nakazibwe, alichagua lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, inayopondwa kwa nyundo za mti. Tasnifu yake ya udaktari ilikamilika mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza. Mwaka huo huo UNESCO ilitangaza ufundi wa lubugo kuwa urithi wa wanadamu wote. Wala habari haikuishia hapo. Wasanii kama Sanaa Gateja wamelitumia gome hilo katika kazi zao, wakilishonea shanga za karatasi. Nguo wanayozikiwa wafu ikitundikwa ukutani ili iuzwe, mafundi wanaoiponda wasemaje? Hapo pana kazi ya mwanafunzi mwingine.

Kwa hiyo, atakaye kuanza na aandike kwanza swali moja linaloweza kujibiwa, kisha majina ya watu atakaowaendea. Awaombe ruhusa. Ahifadhi maneno yao katika lugha waliyoyasemea, tafsiri ije baadaye. Kila kazi aipime urefu na upana, aandike mwaka wake na mwenye kuimiliki. Na amalizapo, nakala ya maneno hayo aiache kwa wenyewe, si kwenye rafu ya chuo peke yake. Kwani si vizuri mjukuu wa mchoraji asafiri hadi Ulaya ili asikie sauti ya babu yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ya sanaa tunayo. Daftari ndilo tunalowadai vijana wetu, nao wasikawie kulifungua.