Taa za Rangi Hazirushi Ndege

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madukani kulipofurika kompyuta zilizojinadi kuwa sawasawa na IBM PC, wanunuzi wajanja walikuwa na njia ya kumuumbua muuzaji. Walipachika diski mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu. Ya pili ilikuwa Flight Simulator, simuleta ya kurusha ndege, kazi ya Bruce Artwick iliyotolewa na Microsoft mwaka 1982. Programu hizo mbili ziliamrisha vyuma moja kwa moja, kwa hiyo mashine iliyoigwa juu juu ilikwama hapo hapo. Kindege kikipaa kutoka uwanja wa Meigs mjini Chicago, biashara ilikwisha, mteja akatoa pesa.

Zaidi ya miaka 40 imepita na simuleta hiyo bado inaumbua mashine. Toleo la 2020, lililoandikwa na Asobo Studio ya Bordeaux nchini Ufaransa, lilipotoka Agosti 18 mwaka huo, waliotaka nakala ya kushika mkononi walipewa diski 10 za DVD. Kampuni ya utafiti ya Jon Peddie ilikadiria kwamba programu hiyo peke yake ingechochea mauzo ya vifaa ya dola bilioni 2.6 ndani ya miaka mitatu. Si programu nyingi zinazompeleka mtu dukani kununua kompyuta nzima. Hii inampeleka, kisha inamrudisha kununua usukani.

Tatizo ni kwamba anayeingia dukani na bajeti ndogo hukutana na mashine zilizopambwa kwa ajili ya mteja mwingine kabisa: dirisha la kioo ubavuni, feni zinazowaka rangi saba, na kibandiko kinachotaja kadi ya picha kwa herufi kubwa. Kijana anayecheza gemu za kurushiana risasi ataridhika. Rubani wa nyumbani anahitaji kuuliza zaidi.

Simuleta ina tabia yake. Katika gemu nyingi mzigo mkubwa unaelemea kadi ya picha. Kwenye simuleta, prosesa ndiyo inayotoka jasho, kwa sababu inakokotoa hewa inayopita juu ya mbawa, mafuta yanayopungua, mawingu, ndege nyingine zilizo angani na vyombo vyote vya chumba cha rubani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye mlolongo mmoja unaosubiriana. Ni kama jiko la shughuli lenye mpishi mmoja na wapakuaji kumi. Ukiongeza wapakuaji, pilau haiivi upesi. Ndiyo maana AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D mwezi Aprili 2022, ikiwa na megabaiti 96 za akiba ya ndani badala ya 32 za ndugu yake wa kawaida, wapenzi wa simuleta walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Iliuzwa dola 449. Januari 2024 ikafuata 5700X3D kwa dola 249, nayo inakaa kwenye madabodi zilezile za zamani. Kompyuta ya kiwanda yenye prosesa ya jamii hiyo na kadi ya kawaida ni mali kwa rubani, hata kama kasha lake ni jeusi tii kama sanduku la chuma la bibi.

Kuna nafuu moja ambayo wauzaji hawaitangazi. Mpiga risasi anataka picha 144 kwa sekunde, pengine 240, na monita ya kuzimudu. Anayetua Zanzibar akitokea Dar es Salaam haoni dosari kwenye picha 30 au 40, mradi zisikatekate. Hapo peke yake bei ya monita inapungua sana.

Sasa kibandiko. Chukua mashine iliyoandikwa "Core i7, RAM 16, RTX 3050". Maneno yote matatu yanaweza kuwa kweli na mnunuzi bado akawa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina la i7 limekuwepo tangu 2008. Core i7-4770 ya mwaka 2013 na Core i3-12100 ya 2022 zina viini vinne kila moja, na ile inayoitwa i3 inaiacha i7 mbali. RTX 3050 nayo ni kadi mbili zenye jina moja. Ya Januari 2022 ina gigabaiti 8, na ya Februari 2024 ina 6 na viini vichache zaidi. RTX 3060 iliyotoka 2021 ilikuwa na 12, kisha mwishoni mwa 2022 ikaja nyingine yenye 8. Ama RAM ya 16, huenda ni kipande kimoja badala ya viwili vya 8, na kipande kimoja hupunguza kasi ya prosesa kufikia kumbukumbu, jambo ambalo simuleta huliona mara moja. Kulijua hilo hakuhitaji bisibisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, gusa kumbukumbu, na Windows itaonyesha nafasi ngapi za RAM zimejazwa na zinakwenda kwa kasi gani. Kazi ya nusu dakika, na muuzaji anaona kwamba huyu si mgeni.

Microsoft yenyewe imetaja vipimo vyake kwa toleo la 2024, lililotoka Novemba 19 mwaka huo. Kiwango cha chini ni RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya picha yenye 4, kinachopendekezwa ni 32 na 8, na cha kifahari ni 64 na 12. Kwa mwenye bajeti, mstari wa katikati ndio wa kulenga. RAM ya 16 itawasha programu, lakini ukiongeza ndege ya kulipia yenye mifumo kamili na kiwanja kikubwa, mashine inaanza kuhema.

Na hapo kwenye RAM ndipo hesabu za soko zilipopinduka. Mwishoni mwa 2025, watengenezaji watatu wanaotawala chipu za kumbukumbu, Samsung, SK Hynix na Micron, walikuwa wakielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na bei za RAM za kawaida zikapaa. Desemba 3, 2025, Micron ikatangaza kuwa inaachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD za wateja wa kawaida. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja: nunua vipande, unga mwenyewe, utaokoa. Leo kompyuta iliyoungwa kiwandani na kukaa stoo tangu kabla ya bei kupanda inaweza kuwa nafuu kuliko vipande vyake vikinunuliwa kimoja kimoja. Hali kama hiyo ilionekana 2021, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walipogombania kadi za picha na watu wakawa wananunua kompyuta nzima ili wapate kadi iliyo ndani.

Kampuni kubwa zinazounga kompyuta hununua vipande kwa jumla, zinaingiza leseni ya Windows na zinatoa waranti ya mashine nzima, na hizo ni faida za kweli. Zinapobana matumizi, zinabana pale pasipoandikwa: pawa saplai, madabodi, feni ya prosesa. Baadhi hutumia madabodi na pawa saplai za vipimo vyao wenyewe, kiasi kwamba ikiungua, ya dukani haiingii. Kwa mnunuzi wa Marekani hilo ni kero. Kwa mnunuzi wa Mombasa au Mwanza ni msiba, kwa sababu waranti ya Marekani mara nyingi humtaka mteja arudishe mashine kwa gharama yake, na nauli ya kasha la kilo 12 kwenda na kurudi inakula faida yote. Wanaoagizia kupitia jamaa walioko Dubai au Muscat wana unafuu kidogo: plagi ni ileile ya pini tatu za bapa na umeme ni wa volti zilezile. Inayotoka Marekani ikaguliwe nyuma kabla ya kuchomekwa. Pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, na aliyeisahau kwenye 115 husikia mlio mmoja tu.

Njia ya pili, mbali na kununua mpya ya kiwandani, na katika Afrika Mashariki ndiyo iliyozoeleka zaidi, ni mashine za ofisi zilizotumika, zile ambazo Wakenya huziita ex-UK. Windows 10 ilipokoma kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, kompyuta nyingi zisizokubalika rasmi kwenye Windows 11 zilianza kutolewa maofisini Ulaya, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoishia kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo, Dar es Salaam. Wengi wanapewa kikasha chembamba cha OptiPlex au EliteDesk na kuambiwa waongeze kadi ya picha. Nafasi ya kadi kwenye mashine hizo hutoa wati 75 tu, na pawa saplai zake nyingi hazina waya wa ziada. Kinachobaki ni kadi kama GTX 1650 zisizo na tundu la umeme au ile RTX 3050 ya gigabaiti 6, nazo lazima ziwe fupi kama kasha ni jembamba. Kwa FlightGear, simuleta ya bure iliyotolewa mara ya kwanza 1997, zinatosha. Kwa toleo la 2024 ni kujitesa.

Kuna mashine nyingine ambayo wauzaji wengi huiweka chini kwa sababu ni nzito na haina sura: HP Z440, kompyuta ya wahandisi. Pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 700 na ina nyaya za kadi ya picha. Prosesa yake inaweza kuwa Xeon E5-1650 v4, yenye viini sita na gigahazi 3.6. Microsoft ilipotaja kiwango cha chini cha prosesa za Intel kwa toleo la 2024, iliandika Core i7-6800K, ambayo ni ndugu wa tumbo moja wa Xeon hiyo: kizazi kimoja, viini sita, na i7 ndiyo yenye kasi ndogo. Kwa maneno mengine, mashine ya mtumba iliyokuwa ikichora madaraja inafikia mlango wa simuleta mpya kwa prosesa yake yenyewe, na kadi yenye gigabaiti 8 ikiongezwa, mtu anaruka. Ila namba isomwe vizuri. Xeon E5-2650 v4 ina viini 12 na inasikika kuwa kubwa zaidi, lakini inakwenda kwa gigahazi 2.2 na simuleta haina haja na wapakuaji. Halafu Windows 11 haizitambui rasmi Xeon hizi, na hilo liingizwe kwenye bei.

Gharama isiyoandikwa popote dukani ni intaneti. Toleo la 2020 lilihitaji gigabaiti 150 za diski. La 2024 linahitaji 50, na sehemu kubwa ya dunia inavutwa mtandaoni wakati ndege iko hewani. Microsoft inapendekeza megabiti 50 kwa sekunde. Kasi hiyo ikitumika mfululizo kwa saa nzima ni gigabaiti 22.5, na ingawa programu haivuti kwa nguvu zote kila dakika, anayetegemea bando la simu atamaliza la mwezi kabla hajafika Kilimanjaro. Mwenye faiba isiyo na kikomo hana neno. Asiye nayo atazame X-Plane 12 ya Laminar Research, ambayo mandhari yake hupakuliwa mara moja na kukaa kwenye diski, kisha mtu anaruka hata mtandao ukiwa umelala.

Kwa haki, njia rahisi kuliko zote si kompyuta. Toleo la 2024 linaendeshwa na Xbox Series S, iliyozinduliwa 2020 kwa dola 299 na kupandishwa hadi 399 Oktoba 2025. Hakuna kompyuta mpya ya bei hiyo inayoikaribia. Linalokosekana ni uhuru: vifaa vingi vya usukani havitambuliwi, na ndege na viwanja vinavyotengenezwa na watu wa pembeni nje ya soko la Microsoft haviingii. Mwanafunzi wa urubani anayerudia orodha za ukaguzi kabla ya zamu yake uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, atakwama hapo mapema. Naye ajue kwamba saa za sebuleni haziingii kwenye daftari la rubani. Hata Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga huhesabu saa za vifaa ilivyoviidhinisha tu, tena kwa kikomo.

Basi mwenye pesa za kompyuta moja azigawe hivi: prosesa mpya kadiri inavyowezekana, RAM ya 32 au nafasi wazi ya kuifikia, kadi yenye gigabaiti 8, SSD ya terabaiti moja, na kitakachobaki kiende kwenye joistiki na UPS. Taa za rangi zije mwaka kesho. Kabla ya kulipa, anakili toleo la bure la majaribio la X-Plane 12 kwenye diski ya nje, maana hukaa kwenye folda moja na hufunguka humo humo, kisha amwombe muuzaji aliendeshe kwa robo saa huku wote wawili wakisikiliza feni. Akikataa, duka jingine liko mlango wa tatu.