Nani Awezaye Kumwondosha Mjumbe? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mabaraza ya wenyeji yalivyoundwa katika Kavirondo ya Kaskazini katika miaka ya 1920, na jinsi kiti cha mwenyekiti kilivyokaliwa na Mkuu wa Wilaya, mtumishi wa Gavana. Tukaahidi kuyaonyesha madhara ya mpango huo kwa mfano ulio bayana. Mfano wenyewe ni Malakisi, mji mdogo ulioko chini ya Mlima Elgon, uliosifika kwa pamba na tumbaku, ambao wasafiri aghalabu huupita bila kuuliza yaliyopata kutokea hapo.

Tarehe 10 Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya wenyeji iliyopinga utawala wa Wazungu, walikusanyika kwenye kituo cha polisi cha Malakisi, wakapigwa risasi, na watu 11 wakauawa. Siku chache baadaye dini ile ikaharamishwa, na kiongozi wake, Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye ujanani alikuwa mchezaji hodari wa kandanda hata akaichezea Kenya, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, asirudi kwao ila mwaka 1961. Wakuu wa siku zile walishikilia kwamba mtu huyu alikuwa mwendawazimu, na kwa hoja hiyo walikuwa wamekwisha kumweka katika hospitali ya Mathari tangu 1945 hadi 1947. Mimi sina elimu ya kupima akili za marehemu, lakini naona ajabu kwamba wazimu huo haukuonekana alipokuwa akicheza mpira mbele ya hao hao Wazungu, bali ulidhihiri alipokataa amri zao.

Sikusudii hapa kuieleza dini yake wala kuitetea. Ninalouliza ni hili: watu wale walikuwa na madai, basi kwa nini waliyapeleka kwenye kituo cha polisi, penye bunduki, ilhali palikuwa na machifu na baraza lililosemekana kuwa ni lao?

Madai yenyewe hayakuwa siri. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na wana wa Malakisi na Kimilili wakawa huenda kuilima kwa ujira mdogo, kipande kikining'inia shingoni. Nyumbani nako walilazimishwa kazi za shamba kwa amri. Lakini nani angeyasema hayo? Kwa miaka mingi chifu wa Kimilili alikuwa Murunga, nduguye Nabongo Mumia wa Wanga, aliyewekwa juu ya Wabukusu, wenyeji wa hapo, bila wao kumchagua, wala hawakuwa na njia ya kumwuzulu, hali Serikali iliyomweka ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumwondosha. Hata alipopatikana chifu aliyezaliwa papo hapo, kanuni ilikuwa ile ile, na mtu aliye katika hali hiyo, awe mwadilifu namna gani, kabla ya kunena atamwangalia usoni yule awezaye kumnyang'anya kazi. Huko Kitale mambo yalikuwa kinyume kabisa, kwani walowezi walikuwa wakipiga kura tangu mwaka 1920, na mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria alijua kwamba akiwachukiza atarudi shambani kwake. Kwa hiyo aliwasemea, tena kwa sauti kubwa. Mwafrika wa kwanza katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye kwa kuteuliwa na Gavana.

Kura ya Waafrika ilipokuja Machi 1957, haikuja kamili, kwa maana mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali na utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu. Hata hivyo katika Nyanza ya Kaskazini kura hiyo pungufu ilimpeleka Masinde Muliro barazani, na huyu ndiye anayetupa somo la uhuru kwa uwazi zaidi kuliko hotuba zote. Mwezi Juni 1975, alipokuwa waziri na mbunge wa upande wa Kitale, Bunge lilijadili ripoti ya kamati iliyochunguza kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki, Muliro akapiga kura pamoja na Bunge, kinyume cha matakwa ya Serikali, na Rais akamfuta uwaziri mara moja. Miezi michache baadaye wabunge wenzake Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney wakakamatwa katika uwanja wa Bunge lenyewe na kuwekwa kizuizini bila mashtaka, kwa nguvu ya sheria ya usalama iliyopitishwa mwaka 1966. Mzee Elijah Masinde naye, aliyefungwa na mkoloni kwa ajili ya uhuru, alifungwa tena na serikali ya uhuru, na dini yake, iliyokuwa imeandikishwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku upya mwaka 1968. Muliro hakuadhibiwa na watu wa Kitale, wala Shikuku na watu wa Butere. Adhabu ilishuka kutoka juu, kwa sababu waliwatii walio chini. Mlolongo wa mwaka 1988, ambapo watu walijipanga nyuma ya picha za wagombea na aliyehesabiwa kupata asilimia 70 akapita bila kurudi kwenye sanduku la kura, ulikuwa ni ukamilifu wa mambo hayo, na hauhitaji maelezo marefu.

Katiba ya 2010 ilitaka kuigeuza kanuni hii ya mjumbe kuondoshwa na walio juu, ikaandika katika kifungu cha 104 kwamba wapiga kura wana haki ya kumwita mbunge wao arudi kabla ya muda wake kwisha. Wabunge ndio walioachiwa kutunga sheria ya kuitekeleza, nao wakaweka masharti mazito: Mahakama Kuu ithibitishe kosa kwanza, ipite miezi 24 baada ya uchaguzi, na zikusanywe saini za asilimia 30 ya walioandikishwa. Mwaka 2017 mahakama ikayabatilisha masharti hayo kuwa ni ya ubaguzi, na Bunge halikuona haraka ya kutunga mengine. Fauka ya hayo, tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, hata aliyetaka kulalamika hakuwa na wa kumpokea.

Ndiyo maana tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 walipoupitisha Mswada wa Fedha na 106 kuukataa, vijana hawakwenda katika ofisi za wabunge wao majimboni, bali walikwenda kwenye lango la Bunge, na baadhi yao wakauawa kwa risasi, ingawa kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika bila silaha. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Nyuma yake walikuwapo wabunge wa upande wake, waliouunga mkono jana yake, nao wakampigia makofi.