Mnong'ono wa Inanga, Santuri na Kaseti

Wajukuu zangu wa Ryansoro, ngoma mnazijua. Ukipita mji wa Gitega unafika Gishora, nyumbani kwa Ruciteme na Murimirwa, ngoma zenye heshima tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Lakini je, mnaijua inanga ya mnong'ono? Mpigaji hatoi sauti ya koo. Ananong'ona maneno tu, nyuzi za ala yake zinayapa tuni, nawe unayesikiliza unaapa kwamba anaimba.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alikuja Burundi na mashine ya kurekodi. Mwaka uliofuata, Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri yenye ngoma zetu na mnong'ono huo.

Katika santuri, sauti imechongwa kuwa mfereji mwembamba unaozunguka. Sindano inapita humo ikitikisika, na mtikisiko unageuzwa umeme. Ngoma nzito ingeyumbisha mfereji mpaka uingilie wa jirani, ndiyo maana fundi hupunguza besi anapochonga, kisha amplifaya huirudisha. Santuri safi ni tulivu sana: utasikia hata mpigaji anavyovuta pumzi. Vumbi likiingia, ta! ta! ta!

Kaseti ililetwa na Philips mwaka 1963. Ndani yake mna utepe usiofika milimita 4 kwa upana, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, unaokwenda chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Unga huo una mvumo wake: shhhh. Sasa fikirini, mnong'ono nao ni shhhh! Maneno ya inanga yanazama humo, zinabaki nyuzi tu. Ngoma ndiyo inayofurahia. Utepe ukizidiwa nguvu hauikati sauti ghafla, unaibana kidogo kidogo, na mdundo unanenepa kifuani.

Basi kwa mnong'ono, nipeni santuri. Hata hivyo kaseti naipenda zaidi. Santuri ilitaka kiwanda cha ng'ambo. Kaseti ilitaka redio ya kaseti, betri na vidole viwili vya kubonyeza. Harusi, kwaya, bibi akisimulia hadithi jioni: vyote viliweza kuhifadhiwa na watu wenyewe, papa hapa kilimani.

Mkiikuta kaseti kabatini, msiitupe wala kuianika juani. Ingizeni kalamu ya biki kwenye tundu, zungusheni taratibu mpaka utepe ukaze, ndipo muiweke redioni. Na kabla ya kubonyeza, mwiteni mzee yeyote aliye karibu. Huenda akaitambua sauti.