Uwili-lugha wa Mtoto Mwenye Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji inayoathiri namna mtu anavyohusiana na wenzake na anavyoitumia lugha katika uhusiano huo. Leo Kanner, alipoieleza huko Marekani mwaka 1943 kutokana na watoto 11 aliowachunguza, alitaja mambo mawili yanayomhusu mwanaisimu: baadhi yao walirudia maneno kama mwangwi, na nafsi waliiacha kama walivyoisikia. Katika Kiswahili, mtoto wa namna hiyo akishikwa na kiu huenda akasema “Unataka maji?”, kwa kuwa ndivyo anavyoulizwa apewapo maji. Asiyejua jambo hili huenda akadhani kwamba kiambishi *u-* kimetumiwa mahali pa *ni-* kwa sababu mtoto amechanganyikiwa na wingi wa lugha.

Dhana hiyo ndiyo iliyozaa ushauri ambao wazazi wengi wamepewa, kwamba mtoto apunguziwe mzigo kwa kuachiwa lugha moja tu. Uchunguzi hauungi mkono ushauri huo. Mwaka 2012 Hambly na Fombonne walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 75 wenye usonji nchini Kanada. Waliokuzwa katika lugha mbili hawakuonekana kuchelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Mwaka huohuo Petersen na wenzake walilinganisha watoto 14 waliotumia Kichina na Kiingereza na wengine 14 wa Kiingereza pekee. Msamiati wa Kiingereza haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na lugha zote zilipohesabiwa, wenye lugha mbili walitamka maneno mengi zaidi. Idadi hizi ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja.

Nchini Kenya, ambako lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza hukutana, lugha moja ikichaguliwa mara nyingi huwa ile ya shule. Hapo nyanya asiyeijua hunyamaza, na mama aizungumzaye kwa shida hubakiwa na maagizo mafupi, bila bembelezi wala utani. Hivyo mtoto ambaye ugumu wake mkubwa ni kuhusiana na watu ndiye anayepunguziwa watu wa kuhusiana naye.

Kwa hiyo wazazi hawana budi kuhimizwa waitumie lugha waliyo na ufasaha nayo, na upimaji uhesabu lugha zote. Mtoto aitaye maji *pi* kwa Dholuo analo neno hilo, hata kama kipimo cha Kiingereza kitaandika kuwa hana. Asiyetamka neno naye anaweza kutumia picha, na picha hiyo ikasomwa kwa lugha yoyote ya jamaa zake. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji pamoja na njia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kwa upande wa wanaisimu, kazi iliyopo ni kueleza jinsi watoto wanavyojifunza lugha hizo hatua kwa hatua, kwani mpimaji asiyejua mtoto wa kawaida hufikia wapi katika Dholuo au Kikamba hana msingi wa kusema kwamba mwingine amechelewa.