Kwa Nini Sikoseli Hujificha Miezi ya Kwanza

MTANGAZAJI: Leo tunawajibu akina mama. Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya, anacheka. Akifika miezi sita hivi, mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha, na kipimo kinaonyesha sikoseli. Hapo mke mwenza au jirani huanza kushukiwa uchawi.

Hakuna aliyemroga. Mtoto alizaliwa na ugonjwa huo, akiurithi kwa baba na mama, wote wawili.

Sasa ulikuwa umejificha wapi? Ndani ya chembe za mwili mna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Jeni ikihitajika, mashine ndogo sana hukaa mwanzoni mwake na kuanza kuinakili. Bila nakala, hakuna protini. Na pale mwanzoni husimama protini nyingine zenye kuamua: baadhi huiita mashine, baadhi huizuia.

Fikirieni pampu ya kisima na mlinzi wake. Pampu ni nzima, maji yapo, lakini akiifunga kwa mnyororo na kufuli, ndoo hazijai.

Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya utotoni, ambayo haina kasoro ya sikoseli. Baada ya kuzaliwa, mlinzi aitwaye BCL11A hushika mwanzo wa jeni yake na kuifunga. Inabaki himoglobini ya ukubwani, na kasoro imo humo. Mabadiliko haya huchukua miezi kadhaa.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba pampu ya zamani haikuvunjwa, imefungwa tu. Kazi ya mlinzi huyu ilitambuliwa mwaka 2008, na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayompunguza nguvu. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, kwa hiyo tuiache huko huko.

Ila kuna dawa ya haidroksiyurea, nayo huongeza himoglobini ya utotoni. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, watoto 606 wa Uganda, Kenya, Kongo na Angola waliitumia: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria takriban nusu.

Wazazi, msiinunue wenyewe dukani. Dozi hufuata uzito wa mtoto, na damu hupimwa mara kwa mara. Ulizeni kwenye kituo cha afya. Na mtoto wa sikoseli akipata homa, mpelekeni siku hiyo hiyo.