Ukivuka Lunga Lunga, pesa usizibebe zote mfukoni

Watalii wa Diani zamani walikuja na hundi za wasafiri, zile ambazo American Express ilizianzisha mwaka 1891. Ujanja wake ulikuwa saini mbili: moja ukinunua, ya pili mbele ya keshia. Zikiibiwa, ukiwa na namba zake, unarudishiwa.

Wewe wa Msambweni unayekwenda Tanga, saini yako ya pili ni PIN. Usimtajie mtu, hata yule kijana wa kubadilisha pesa mpakani anayekuita "ndugu". Beba shilingi za nauli na chakula tu. Zilizobaki mtumie mwenyeji wako, lakini soma kwanza ada na kiwango cha kubadilishia. Simu ikiibiwa, azima nyingine utupigie mara moja tufunge akaunti. Na laini ihakikishe ungali huku: isiposhika mtandao Horohoro, hela umeziacha Kenya.