Flaiwili nyepesi na njia ya Kabambare

"Papa fundi, hii gari tuifungie ambreyaji ya nguvu, halafu volan tuikereze ipungue uzito. Gari za mashindano zote ziko hivyo."

Shofere aliyeniambia hayo ni kijana, na gari lake ni Land Cruiser ya dizeli inayobeba mizigo na abiria kati ya Kasongo na Kabambare. Nusu ya ombi lake niliikubali palepale. Nusu ya pili niliikataa, akanuna. Namweleza hapa kwa kirefu, yeye na wenzake.

Tuanze na majina, maana yanachanganya. Katika garaji zetu za Maniema, mashariki mwa Kongo, volan ni usukani, na volan hiyohiyo ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Kosa si letu, Kifaransa ndivyo kisemavyo. Mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam huliita flaiwili, na ambreyaji huiita klachi. Nitawafuata wao ili nisije nikaambiwa nimemshauri mtu akereze usukani.

Klachi ni diski iliyobanwa katikati: upande mmoja flaiwili, upande mwingine sahani ya presha yenye springi. Ukikanyaga pedali, presha inaachia, na diski inakaa huru. Ukiondoa mguu, inabanwa, na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye giaboksi. Uwezo wa klachi unatokana na ukali wa springi, mshiko wa bitana ya diski, upana wa diski, na kwamba inabanwa pande mbili. Chukua mfano: springi inabana kwa newtoni 6,000, mshiko ni 0.3, na katikati ya bitana ni sentimita 10 kutoka kitovuni. Hesabu inatoa newtoni-mita 360. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo inayopatikana kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, hutoa karibu 280. Nafasi ipo.

Sasa sili ya nyuma ya injini ivujishe mafuta kidogo, mshiko ushuke hadi 0.2. Uwezo unakuwa 240. Klachi inateleza, injini inalia, gari haliendi, na shofere anaanza kutafuta "klachi ya nguvu". Klachi aliyonayo ilikuwa na nguvu ya kutosha. Sili ya bei ndogo ndiyo iliyomwangusha, na asipoibadilisha, klachi mpya nayo italowa vilevile.

Hata hivyo kuna wanaostahili klachi kali zaidi. Anayepakia kupita kipimo cha kiwanda, na kwetu ni nani asiyepakia, anafaa kufungiwa presha yenye springi ngumu zaidi kwa kiasi, na diski nzuri ya bitana ya kawaida. Aepuke diski zenye vipande vya kauri zinazouzwa kwa sifa kubwa. Hizo hushika ghafla. Kwenye lami ya uwanja wa mashindano ni jambo jema, lakini kwenye tope unahitaji kuachia pedali polepole, robo kwa robo, tairi zisizunguke bure. Klachi inayoshika kwa pigo moja hutuma pigo hilo kwenye giaboksi na kwenye ekseli, na kuvunjikiwa ekseli mbali na garaji unajua maana yake. Tena springi ngumu ina malipo yake: pedali inakuwa nzito, silinda za klachi zinachoka mapema, na kila unapokanyaga, krankishafti inasukumwa kwa nguvu zaidi. Usizidishe.

Tuje kwenye flaiwili. Nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukatazame injini yake ya silinda moja. Pembeni ina gurudumu zito kupita kiasi. Injini hiyo hupata mlipuko mmoja tu katika kila mizunguko miwili. Muda uliobaki haina nguvu yake yenyewe, inabebwa na mwendo wa gurudumu. Liondoe, na mashine itazimika kabla haijakoboa kikombe kimoja. Flaiwili ya gari hufanya kazi hiyohiyo, na siri yake ni kwamba ukizidisha kasi mara mbili, nguvu iliyohifadhiwa humo inazidi mara nne.

Tufanye hesabu. Flaiwili ya kilo 14, ya upana wa sentimita 30, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ina akiba ya juli 3,400 hivi. Ni nyingi au chache? Zinatosha kuinua gari la tani 3 kwa kimo cha sentimita 11, yaani kimo cha mzizi uliokatiza njia. Gurudumu la mbele likigonga mzizi huo huku unatambaa kwa gia ya kwanza, akiba hii ndiyo inayokuvusha kabla injini haijaitikia. Kereza flaiwili ibaki nusu, na akiba inabaki nusu. Utaanza kukanyaga mafuta zaidi, kupandisha mizunguko, kuichezea klachi kwa mguu, na klachi uliyoinunua ili idumu ndiyo utakayoichoma.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: joto. Gari likikwama na tairi zimeshikwa na tope, huku injini inatoa kilowati 40 na klachi inateleza, nguvu yote hiyo inageuka joto. Sekunde 10 zinatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Joto hilo linakwenda kwenye chuma cha presha na cha flaiwili. Chuma kingi kinalipokea bila kuumia. Chuma kidogo kinakuwa na madoa ya buluu, kinapasuka nyufa, kinapinda.

Basi watu wa mashindano wanaipunguza uzito kwa nini? Magari ya Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953, yanahitaji injini ipande na kushuka mizunguko upesi kati ya gia na gia. Hayabebi magunia. Na flaiwili zao nyepesi hutengenezwa hivyo tangu mwanzo, kwa feleji imara au alumini. Yetu ni chuma cha kusubu. Ukiikereza mgongoni ikawa nyembamba, siku injini itakapopandishwa mizunguko inaweza kupasuka vipande, na miguu ya dereva haiko mbali nayo.

Pikipiki, ambazo ndizo hasa zinazoifanyia kazi njia ya Kabambare, zina klachi ya diski kadhaa zinazooga kwenye mafuta ya injini. Ikiteleza, kabla ya kununua springi ngumu soma kopo la mafuta. Tafuta alama ya JASO MA au MA2. Mafuta mengi ya gari yana dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano.

Neno moja kwa mafundi wenzangu, hasa mnaofundisha vijana. Vumbi la klachi msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Diski za zamani nyingi zilikuwa na asibesto, ambayo huua mapafu taratibu kwa miaka. Lowesheni kwa maji, mfute kwa kitambaa, mkitupe.

Land Cruiser ya yule kijana ilipata diski, presha, beringi na sili mpya. Flaiwili tuliikereza usoni tu, kuondoa madoa ya buluu, bila kuvuka kipimo cha kiwanda. Vumbi la chuma lililotoka halikujaza kiganja.